Tairi Pana na Gunia la Viazi

Mimi ni fundi cherehani wa Bwiza, mtaa wa Bujumbura. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimewaambia wateja wa suruali maneno mawili kabla sijavuta futi yangu shingoni: "Kaa kwanza." Mtu akisimama mbele ya fundi huvuta tumbo ndani, hunyoosha mgongo, huwa mtu mwingine kabisa. Mwache akae, pumzi imtoke, tumbo lirudi mahali pake, hapo ndipo utajua suruali yake inataka upana gani. Suruali iliyopimwa kwa mtu aliyesimama hupasuka arusini, sahani ya pilau ikiwa mapajani. Nayaeleza haya mapema ili ijulikane kwamba nilichofanya sikukifanya kwa kutojua.

Nilipofikisha miaka hamsini na minne nilinunua gari la spoti. Ukitaka kucheka, subiri kidogo, nafasi ya kucheka ipo mbele. Lilikuwa la mteja wangu aliyekuwa akihamia Ulaya, jekundu, milango miwili, limeinama chini kiasi kwamba mbuzi akisimama kando yake analitazama kwa dharau. Kuingia ndani ni rahisi, unajiachia tu. Kutoka, inabidi nishike paa kwa mikono miwili na nimtaje Mungu. Mke wangu alilizunguka mara moja, akachungulia kile kibenchi cha nyuma, akaniuliza, "Sasa gari iko. Watu watakaa wapi?"

Nikamwambia hajui magari. Ni kweli hajui magari. Anajua watu.

Binti yetu wa kwanza aliolewa Muramvya, juu milimani, kwenye familia yenye duka la misumari, mabati na saruji. Mimba yake ya kwanza ilipoingia mwezi wa nane, mke wangu alianza kutayarisha chumba. Kwetu, uzazi wa kwanza msichana hurudi kwa mama yake. Anajifungulia mikononi mwa mama, anakandwa kwa maji ya moto, analishwa uji wa pilipili manga mpaka auchukie, na arobaini zikiisha ndipo anarudi kwa mumewe amenenepa na ana akili mpya. Mke wangu alilelewa hivyo na mama yake. Alikuwa ameisubiri zamu yake tangu binti alipozaliwa.

Lakini bamwana hakutaka. Bamwana ndivyo tunavyoitana huku, wazazi wa mume na wazazi wa mke. Yule wa kike, mama wa mkwe wetu, alisema hospitali hata kwao ipo, na baridi yao ni nzuri kuliko joto letu. Zikapigwa simu za majuma matatu, salamu nyingi na sukari nyingi, huku kila upande umekaza kamba. Mwishoni akakubali kwa sharti.

"Baba yake akuje mwenyewe," alisema, na simu ilikuwa imefunguliwa sauti tukimsikia wote. "Akuje na mama mutu muzima wa kumushika mutoto njiani. Na gari yenye haitelezi. Hii mvua tumeshaona magari mingi mu mutaro. Kama gari inateleza, mutoto anabaki hapa."

Mke wangu aliweka simu chini, akanitazama kama alivyonitazama siku ya posa. "Umesikia," akasema. "Usiniaibishe."

Kaka yake ana gari refu la mizigo, la kizee, rangi ya chai iliyopoa, na halijawahi kuteleza popote kwa sababu halijawahi kuwa na haraka. Mtu mwenye akili angeliazima. Mimi nikasema baba hawezi kwenda kumchukua binti yake kwa gari la shemeji wakati lake lipo. Tatizo ni tairi tu, nikasema. Nitaweka tairi pana za nyuma, zitashika lami hata mvua ikinyesha ya mawe.

Nilikwenda kwa muuza tairi za mtumba mtaa wa pili kutoka dukani kwangu. Yule bwana huzipanga tairi zake ukutani kama vitabu na kuzisugua kwa soda mpaka zing'ae, na mimi, ambaye namjua na nimemwona na kitambaa chake mkononi kila asubuhi, nilisimama pale nikashangaa jinsi zinavyong'aa. Gari langu lilivaa tairi zilizoandikwa 195. Yeye akaniteremshia mbili za 225.

"Hii pine, mzee," akasema, akiipiga kofi, "inakamata barabara kama mutoto anakamata ziwa la mama."

Angechagua mfano mwingine labda ningefikiri. Lakini mimi ni babu mtarajiwa, nikalegea. Tofauti ilikuwa milimita thelathini. Sentimita tatu. Fundi wa nguo anajua sentimita tatu ni nini: ndiyo tofauti kati ya suruali na maumivu. Kwa hiyo sikufanya pupa. Zilipofungwa tu, nikavuta futi shingoni mbele ya watu, nikachuchumaa, nikapima nafasi kati ya tairi na ukingo wa madigadi, lile bati linaloifunika kwa juu. Vidole viwili vilipita. Nikapima upande wa pili, vidole viwili. Gari lilikuwa tupu. Ndani hamkuwa na mtu, hamkuwa na mzigo, hata mwavuli haukuwemo. Lilikuwa limesimama limevuta tumbo.

"Iko sawa, mzee?"

"Iko sawa kabisa," nikasema, kwa ile sauti yangu ya kumwambia mteja kwamba nguo imemkaa.

Kisha nikarudi nyuma hatua kumi na kulitazama kwa nyuma. Hapa nikiri tu, maana mke wangu alishakiri kwa niaba yangu mtaa mzima. Usalama wa binti ulikuwa sababu ya mdomoni. Sababu ya moyoni ni kwamba gari lile, likitazamwa kwa nyuma na tairi zile, lilikuwa na makalio. Nililirudisha nyumbani polepole, kupitia Nyakabiga, ambako sina shughuli yoyote, ili watu wapate muda wa kuona. Mke wangu alikuwa mlangoni anachambua mchele. Alitazama tairi, akanitazama mimi, akasema, "Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi," akaendelea na mchele.

Kisha ikaja foleni ya mafuta. Anayekaa Bujumbura siku hizi hahitaji kuelezwa. Unaliacha gari kwenye mstari, unaenda dukani, unarudi, na mstari ukisogea hamuwashi injini, mnasukuma kwa mikono ili kisipotee hata kile kidogo kilichobaki. Kabla ya hapo gari langu lilikuwa mpenzi wa foleni. Jepesi, kidole kimoja, linakwenda. Siku ile nilisukuma peke yangu, halikutikisika. Akaja jirani wa mbele, akaja wa nyuma, akaja muuza karanga akaweka beseni lake juu ya paa langu na kusukuma naye. Likasogea hatua tatu likagoma.

"Mzee," akasema yule wa nyuma, akijifuta jasho, "hii gari inapenda chini sana."

"Inashika barabara," nikasema.

"Inaishika mupaka inakataa kuiacha."

Kwa siku mbili nilikuwa mzigo wa foleni nzima. Watu walipoona mstari unasogea walijifanya wanazungumza na simu. Lakini mafuta nikapata, na Jumapili asubuhi nikaondoka na dada yangu mkubwa, shangazi wa binti, aliyechaguliwa kuwa yule mtu mzima wa kumshika. Dada yangu ni mtu mzima kwa kila kipimo ninachokijua. Alikaa mbele, kando yangu, na kiti kilipompokea kule chini akauliza, "We, hii ni kiti ao ni kaburi?"

Tulipanda vizuri. Lazima niseme hivyo, maana ndiyo sehemu pekee ya hadithi ninayotoka nayo mzima. Manyunyu yalianza kwenye kona za kwanza, na baada ya hapo ukungu, na gari likashika. Malori yalipanda yakikohoa, baiskeli zimening'inia nyuma yao, nasi tukayapita. Katika kona moja mbaya nikaongeza mafuta kidogo, likazunguka bila kuyumba. "Umeona?" nikamwambia dada.

"Nimeona ukungu," akasema.

Muramvya tulipokewa kwa chai ya maziwa, wali, kuku, na dua. Binti alikuwa amevimba miguu na amependeza, na begi lake lilikuwa tayari mlangoni tangu jana yake. Bamwana wa kiume, ambaye aliendesha malori ujana wake wote kabla ya kufungua duka, alilizunguka gari langu mikono nyuma, akasema tu, "Ni ya mbio," kama mtu anayetaja ugonjwa. Kisha zikatoka zawadi. Gunia la viazi. Kabichi sita. Ndoo ya maharage. Karoti kwenye mfuko. Jogoo mmoja, miguu imefungwa, amekasirika. Zawadi ya bamwana haiachwi na haipunguzwi. Ukiacha kabichi moja, umeacha ukoo mzima pale kwenye mlango.

Tukapakia. Dada yangu, kwa kuwa binti na tumbo lake alihitaji kiti cha mbele, aliingia nyuma. Aliingia kwa awamu. Gunia la viazi likaketishwa kando yake kama mume, ndoo miguuni, kabichi kila palipokuwa na upenyo, jogoo mapajani. Mimi nikaingia mwisho. Nikahisi gari linashuka taratibu, likatua, likatoa pumzi. Familia nzima ilikuwa langoni inapunga mikono. Nikawasha, nikasogea, na kabla hatujaufikia hata mfereji wa mbele, nyuma yetu ukatoka ukelele wa kitu kinachochinjwa. Wote tulimtazama jogoo. Hakuwa jogoo. Harufu ya mpira ulioungua ikaingia ndani.

Nilisimama. Bamwana wa kiume akaja, akapiga goti kwenye matope na kanzu yake nyeupe, akajaribu kupitisha kidole kati ya tairi na bati. Akajaribu ukucha.

"Hata wembe haipiti," akasema. Akaja dirishani kwangu. "Bamwana, wakati ulipima, nani alikuwa mu gari?"

"Hakuna mtu," nikasema.

Akaanza kujipangusa matope gotini. Aliyesema ni binti yangu, aliyekulia chini ya meza yangu ya kukatia, akichezea mabaki ya vitambaa na kunisikia mchana kutwa. Aliweka mikono juu ya tumbo lake, akanigeukia.

"Papa," akasema. "Kaa kwanza."

Alianza kucheka, na mimi ningecheka naye. Lakini mama mkwe wake alikuwa ameshafika mlangoni na mkono wake ulikuwa kwenye kitasa.

"Basi," akasema, kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha. "Mutoto ashuke. Tulisema. Atazalia hapa, mama yake akuje kumuona."

Kicheko cha binti kikakatika. Hakunitazama. Alianza kutafuta kandambili zake kwa miguu, kama mtoto mtiifu. Nikaogopa. Sikuogopa hivyo hata siku za vurugu na milio ya risasi. Nilimwona akilini mke wangu ameketi kwenye kile kitanda alichokitandika, mikono mapajani, na mimi naingia mlangoni nimeshika kabichi.

Nikaanza kuhesabu cha kupunguza. Viazi? Nilimtazama bamwana wa kike usoni, nikaviacha viazi mahali pake. Dada yangu? Yeye ndiye sharti lenyewe. Begi la binti halikuwa na uzito. Cha kupunguza kilikuwa mimi tu, na mimi ndiye niliyeshika usukani.

"Iko namna moja," akasema bamwana wa kiume. "Hii bati tunaikunja inje, kwa nyundo. Pine itapata nafasi. Lakini gari yako itaharibika sura, bamwana. Rangi itatoka. Haitarudia."

Nilitoka, kwa mikono miwili na kwa jina la Mungu. Nikazitazama zile mbavu nyekundu, laini, nilizokuwa nikizifuta kila Ijumaa kabla ya sala kwa kitambaa cha pamba ninachokiweka kwa ajili ya makoti ya mabwana harusi. Niliwahi kumfokea muuza maji kwa kuziegemea.

"Piga," nikasema.

Wote wakashuka, mizigo ikateremshwa, gari likainuka. Duka lao halikosi nyundo. Akachagua moja, akaweka ubao kwa ndani, akapiga kama anayepigia bati la paa. Kila pigo nililisikia kwenye meno. Rangi iliruka vipande vipande ikaanguka kwenye matope, na watu waliokuwa wakipita kwenda sokoni wakasimama kuona fundi wa Buja akivunjiwa gari lake na wakwe. Alipomaliza upande wa kwanza akahamia wa pili, na katikati ya kazi akainua kichwa.

"Na pine pana mu mvua, bamwana," akasema, bila ubaya, "haishike sana. Inapanda juu ya maji, inaelea. Ile nyembamba ndiyo inakata maji. Sisi wa malori tunajua." Akarudi kwenye nyundo yake.

Yaani hata lile nililolinunua sikulipata. Nilisimama nikishika mwavuli juu ya mtu aliyekuwa akinivunjia gari na kunifundisha.

Alipomaliza akatuamuru tuingie sote. Dada, viazi, ndoo, kabichi, jogoo, binti, mimi. "Mukae vizuri," akasema. "Mupumue." Akangoja mpaka gari lishuke lote, ndipo akapiga goti na kupitisha kidole. Kikapita. Akapitisha cha pili. Mtu wa misumari na saruji alikuwa akifanya kazi yangu, na aliifanya sawasawa.

Mumewe alipompa ishara kwamba sasa inapita, bamwana wa kike aliingiza kichwa dirishani, akamfunga binti kanga vizuri tumboni, akamsomea dua, akampulizia. Kisha akaniambia mimi, "Polepole." Nikaapa.

Niliteremka mlima ule kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai kichwani. Baiskeli zilitupita. Nasema baiskeli zenye mikungu sita ya ndizi, miguu ya waendeshaji ikisugua lami kama breki, zilitupita kwenye mvua, na mmoja alitazama gari la spoti, akamtazama dereva wake, akapaza sauti kunitia moyo, "Mzee, kuraje!" Dada yangu alicheka mpaka jogoo akaanza kuwika. Binti alilala usingizi kuanzia kona ya tatu, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala chini ya meza yangu. Sikutaka kufika haraka.

Nyumbani mke wangu alitoka mbio, akapita kando ya gari lile bila kuliona, akafungua mlango wa binti. Walishikana wakasimama vile kwenye matone ya mvua, na mimi nikateremsha viazi. Baadaye sana, binti akiwa ameshapanda kitandani, mke wangu alitoka tena na kitambaa chake begani, akayatazama madigadi yaliyotokeza huku na huku.

"Ingekuwa ng'ombe," akasema, "ningesema hii inazaa kesho."

Mjukuu alizaliwa siku kumi na moja baadaye, msichana, hospitali ya hapa mjini, bibi yake akiwa mlangoni. Arobaini zilikwisha, uji wa pilipili manga ukachukiwa vilivyo, nao wakarudi Muramvya kwa gari refu la shemeji, lenye rangi ya chai. Mimi niliwasindikiza mpaka barabarani kwa miguu. Tairi pana nilizitoa, nikarudisha zile nyembamba, na sasa zimekaa ndani ya madigadi yale mapana kama mzee aliyekonda ndani ya koti la arusi yake. Muuza tairi aliinunua tena moja kwa bei ya huruma. Ya pili, iliyochunika ubavuni, aliikataa.

Nimeiweka dukani, mbele ya meza ya kukatia, na mto juu yake. Mteja wa suruali akiingia namwonyesha, "Kaa kwanza," na yeye anakaa bila kujua amekalia nini.

Juzi binti alikuja kutembea. Mjukuu sasa anajaribu kukaa, lakini akiachiwa anaangukia kushoto, akinyanyuliwa anaangukia kulia. Mama yake aliutoa ule mto, akatandika kitenge katika shimo la tairi, akamketisha humo. Akalalia kushoto, tairi ikamshika. Akalalia kulia, ikamshika. Alitutazama sisi watatu, mimi, bibi yake na mama yake, akashangaa kwamba haanguki. Nikavuta futi shingoni, nikachuchumaa, nikampima gauni lake la kwanza la Idi akiwa amekaa.